Kilometa za Kombora Si Kilometa za Barabara

Mei 2025, India na Pakistan zilipopigana kwa siku nne, kijiwe chetu cha kahawa hapa Ujiji kilitoa wataalamu wa vita vya anga wengi kuliko chuo chochote cha kijeshi. Kila mtu alikuwa na video yake kwenye simu. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa na zaidi ya video. Alikuwa na namba. Kombora la Kichina PL-15, toleo lile linalouzwa nje, linafika kilometa 145.

"Maana yake," alisema huku amenyoosha kidole kaskazini, juu ya mapaa ya bati, "ukilirusha kutoka hapa, Rumonge unaipita. Ndege iko kule inakaribia Bujumbura inaanguka, na rubani hajui hata kilichompiga."

Nahodha mmoja wa boti za mizigo, mzee anayezijua bandari za ziwa hili mpaka Kalemie, akaweka kikombe chini. "Na hiyo ndege muda wote huo imesimama inasubiri?"

Watu wakacheka, kijana akanuna, kisha wote wakanigeukia mimi kwa sababu nimefundisha fizikia nusu ya watoto wa mtaa ule. "Mwalimu, amua." Nilijibu kwa mkato, adhana ya magharibi ikaniokoa, nikaondoka. Lakini swali la mzee lilinikaa kichwani, maana bila kujua alikuwa ameugusa moyo wa kazi yote ambayo wahandisi wa Marekani, Ulaya, Urusi na China wanahangaika nayo wanapobuni makombora mapya. Haya ndiyo niliyopaswa kusema jioni ile.

Tuanze na majina, maana nusu ya ubishi huzaliwa hapo. Roketi ni kitu chochote kinachosukumwa mbele na moto unaotoka nyuma yake; fataki za sikukuu ni roketi, na hazijui zinakwenda wapi. Kombora, kwa maana tutakayoitumia hapa, ni roketi iliyopewa jicho na akili ya kujirekebisha njiani. Na kombora la ndege kwa ndege ni lile linaloning'inizwa chini ya bawa au kufichwa tumboni mwa ndege ya kivita, likasubiri kuangusha ndege nyingine. Si yale makubwa yanayoruka kutoka nchi moja kwenda kuvunja majengo ya nchi nyingine. Wala si yale ya kubeba begani. Januari 2023 ilizunguka sana huku kwetu video ya ndege ya Kongo aina ya Su-25 ikipigwa karibu na Goma, ikatua inawaka moto. Wengi waliisimulia kama vita vya ndege kwa ndege. Hapana: lile lilirushwa kutoka ardhini, upande wa Rwanda.

Lipasue kombora la ndege kwa ndege utakuta mambo manne tu. Puani kuna jicho. Nyuma ya jicho kuna kompyuta ndogo. Katikati kuna baruti ya kulipuka iliyozungushiwa chuma. Sehemu yote iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, ni mafuta makavu ya roketi. Kwa nje kuna mapezi ya kukatia kona. Kombora la Marekani la AMRAAM, ambalo nchi nyingi zinalitumia, lina urefu wa meta 3.65 hivi na uzito wa kilo 160 kasoro kidogo. Watu wanne wanaliinua. Unene wake ni sentimeta 18, sawa na kisosi cha kikombe cha chai. Kikumbuke hicho kisosi, tutakirudia.

Sasa tuje kwenye kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya. Tunadhani kombora linaendeshwa na injini njia nzima, kama basi la Kasulu. Sivyo. Moto wake unawaka kwa sekunde chache, kwa mengi hata 10 hazifiki. Katika sekunde hizo linafikia kasi ya mara nne ya sauti, pengine zaidi. Halafu moto unakwisha. Kuanzia hapo ni bomba la chuma linaloteleza hewani kwa kasi lililokwisha kuipata, na kila sekunde hewa inalidai sehemu ya kasi hiyo.

Aliyekulia Kigoma ameziona baiskeli za mawese zikishuka kutoka Mwanga kuelekea stesheni. Madumu nyuma yamejaa, jamaa anakanyaga pedali mara chache pale juu, kisha anaacha miguu itulie na baiskeli inajiendea. Njia ikiwa nyoofu anafika mbali. Kila anapolazimika kukwepa daladala au shimo, kasi inapungua, na haitarudi mpaka akanyage tena. Kombora haliwezi kukanyaga tena. Kila kona linayokata kumfuata adui inakula kasi yake, na likishapungua mwendo hata jicho lake liwe kali namna gani halitasaidia kitu.

Tofauti ni kwamba kombora halikukuta mteremko, linatengenezewa. Wabunifu hulielekeza lipande juu kwanza, kwenye hewa nyembamba, kisha liishukie shabaha kama jiwe lililorushwa juu. Kwenye kimo cha kilometa 12 hewa ni kama robo tu ya ile ya usawa wa bahari, kwa hiyo upinzani nao ni mdogo. Kombora lile lile likirushwa na ndege inayoruka chini, juu kidogo ya maji ya ziwa, linapambana na hewa nzito tangu mwanzo na umbali wake unakatika vibaya. Kwa hiyo namba yoyote ya kilometa utakayoiona kwenye simu ina masharti ambayo hayakuandikwa: ndege iliyorusha ilikuwa juu kiasi gani, ilikuwa na kasi gani, na shabaha ilikuwa inafanya nini.

Hapo ndipo swali la nahodha linapoingia. Hebu tupige hesabu, nitumie namba za mviringo.

Chukua kombora ambalo kwa wastani linakwenda kilometa 1 kwa sekunde. Chukua na ndege inayokwenda kilometa 900 kwa saa, yaani robo kilometa kwa sekunde. Ndege iko umbali wa kilometa 145 na inakuja moja kwa moja kwako. Kila sekunde ndege na kombora vinakaribiana kwa kilometa 1 na robo, vinakutana baada ya sekunde 116. Kombora limesafiri kilometa 116. Zile 29 zilizobaki limeletewa na ndege yenyewe.

Sasa rubani wa ndege ile apate onyo mara tu kombora linaporushwa, ageuze akimbie. Kombora lina pumzi ile ile ya kilometa 116, hakuna aliyeliongezea. Lakini safari hii kila sekunde linafuta pengo la robo tatu ya kilometa tu. Katika sekunde 116 litakuwa limefuta kilometa 87. Ndege iliyokuwa mbali zaidi ya hapo imepona.

Kilometa 87 ni kama kutoka Kigoma mjini hadi Uvinza ukipita njia ya ndege. Kombora halijabadilika, karatasi ya mtengenezaji haijabadilika. Tumetoka karibu na Bujumbura tumerudi Uvinza kwa sababu tu mtu mmoja amegeuza usukani. Na hesabu yangu imelipendelea kombora, kwa kuwa nimelipa kasi ya wastani hadi mwisho, ilhali sekunde za mwisho ndizo linapokuwa limechoka kuliko zote.

Kwa sababu hiyo marubani wenyewe hawaishi kwa ile namba kubwa. Wao wanaangalia umbali mwingine, mfupi zaidi: ule ambao adui hata akigeuka na kukimbia kwa kasi yake yote, bado kombora litamfikia. Tuuite eneo lisilo na pa kukimbilia. Mtengenezaji hulitangaza kwa shida sana, na ndilo lenye maana. Ukisikia nchi imetoa kombora jipya, usiulize tu linafika wapi. Uliza likifika linakuwa na nguvu gani.

Kuna jambo jingine nahodha angelielewa kuliko mimi. Watu wengi hudhani kombora linamfuata adui mkiani, kama mbwa anayekimbiza gari. Kombora likifanya hivyo litapoteza njia na kasi. Linachofanya ni kuelekea mahali ambapo adui atakuwepo. Litajuaje? Kwa kanuni ambayo mwendesha boti yeyote ziwani anaijua kwa woga: ukiona boti nyingine iko palepale ubavuni mwako, haisogei mbele wala nyuma kwenye jicho lako, ila inazidi kuwa kubwa, mnakwenda kugongana. Nahodha akiona hivyo anakata usukani upesi. Kombora likiona hivyo linafurahi, linaacha kila kitu kama kilivyo. Shabaha ikianza kusogea kwenye jicho lake, linakata kona mpaka isimame tena palepale. Ni hilo tu. Makombora yalianza kuitumia kanuni hii zama ambazo kompyuta ilikuwa na ukubwa wa chumba, kwa sababu haihitaji kompyuta. Inahitaji jicho na usukani.

Na wala si lazima ligonge. Karibu na pua kuna kifaa kinachohisi kwamba ndege iko hatua chache pembeni, kikalipua baruti, na vipande vya chuma vikamaliza kazi. Ndege ya kivita ni bomba, nyaya na mafuta. Haihitaji tundu kubwa.

Kabla ya haya yote rubani alitegemea bunduki, na bunduki ya ndege inafaa kwa umbali usiofika hata kilometa moja. (Kigoma yenyewe si ngeni kwa vita vya anga. Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji zinazotua majini zilivuka ziwa zikaja kuidondoshea mabomu bandari yetu, zikiitafuta Graf von Götzen, meli ya Wajerumani ambayo leo tunaiita Liemba.) Kombora la kwanza lililobadilisha mchezo kwelikweli ni la Marekani, Sidewinder, lililobuniwa na kikundi cha William McLean huko China Lake, jangwani California. Liligonga shabaha kwa mara ya kwanza mwaka 1953 likaingia jeshini 1956. Jina lake ni la nyoka wa jangwani anayewinda kwa kuhisi joto. McLean alipenda vitu rahisi. Kwenye ncha za mapezi ya nyuma aliweka vigurudumu vyenye meno. Upepo ukivizungusha vinakuwa kama pia ya kuchezea watoto inayozunguka, na pia inayozunguka haipendi kulala. Basi kombora likatulia bila kujiviringisha, bila waya wala umeme kwa kazi hiyo.

Jicho lake lilikuwa la joto. Injini ya ndege ni moto, kwa hiyo fuata moto. Tatizo ni kwamba jicho la namna hiyo ni kama dagaa. Wavuvi wa Katonga na Kibirizi hungoja giza, wanawasha taa, dagaa wanapanda kuzifuata, wavu unainuliwa. Rubani anayefuatwa na kombora la joto anafanya uvuvi huo huo: anadondosha vimuli vinavyowaka kwa moto mkali kuliko injini, kombora linavifuata. Na kama vile mbalamwezi inavyoharibu uvuvi wa dagaa kwa kuwa nuru iko kila mahali, jua liliyaharibia makombora ya kwanza. Rubani mjanja alielekea kwenye jua, kombora likaona moto mkubwa zaidi, likaenda zake huko.

Septemba 1958, marubani wa Taiwan waliyatumia Sidewinder dhidi ya ndege za China kwa mara ya kwanza vitani. Moja liligonga MiG-17 ya China, halikulipuka, likabaki limekwama mwilini mwa ndege, na rubani akarudi nalo nyumbani. Kutoka China likapelekwa Urusi ya Kisovieti. Miaka michache baadaye Wasovieti walikuwa na K-13, pacha wa Sidewinder, nalo likasambaa nchi nyingi duniani. Sijui kama kuna zawadi kubwa kuliko hiyo iliyowahi kuletwa na adui kwa ubawa.

Macho ya joto ya leo hayatazami nukta ya moto tu, yanaona picha. Yanapozwa sana ili joto lao wenyewe lisiyavuruge, na yanaweza kutofautisha umbo la ndege na kimuli kinachodondoka. Wasovieti waliongeza jambo jingine miaka ya 1980: kombora la R-73 lililounganishwa na kofia ya rubani, kwamba anakotazama ndiko kombora linakotazama. Nchi za Magharibi zilikuja kulielewa vizuri baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1990 na kurithi ndege za MiG-29 za upande wa mashariki pamoja na makombora yake. Wakashtuka. IRIS-T ya Wajerumani na wenzao, pamoja na Sidewinder mpya, vilitoka kwenye mshtuko huo. Makombora haya ya karibu yanakata kona kwa nguvu ya mara 50 ya uzito wao na zaidi, wakati rubani aliyefunzwa na kuvaa suti maalumu anavumilia mara 9, tena kwa muda mfupi kabla hajazimia. Kwa hiyo ile hadithi ya sinema kwamba rubani hodari hukwepa kombora kwa kulizidi kona, kwa umbali wa karibu na kombora lenye pumzi zake, ni hadithi. Lenye pumzi zake, nasema.

Lakini joto halionekani mbali, na mawingu huliziba. Kwa masafa marefu inabidi kutumia rada, na rada ni tochi. Unamulika, nuru inagonga kitu, inarudi, unajua kipo. Makombora ya kwanza ya rada hayakuwa na tochi yao. Yalikuwa na jicho la kuona mwanga tu, na tochi alishika rubani. Maana yake rubani alipaswa kuendelea kumulika shabaha mpaka mwisho, pua ya ndege ikielekea kwa adui, akizidi kumkaribia. Akigeuka kuokoa roho yake, kombora linakuwa kipofu. Sparrow la Marekani lilikuwa hivyo, na kule Vietnam lilifanya vibaya: katika miaka ya mwanzo lilipata takriban 1 kati ya 10. Mambo yalizidi kuwa magumu kwa kuwa ndege yao ya Phantom ilitengenezwa bila bunduki, kwa imani kwamba zama za bunduki zimepita. Baadaye bunduki ikarudishwa, na jeshi la majini la Marekani likafungua shule ya Top Gun mwaka 1969 kuwafundisha marubani kupigana upya.

Suluhisho lilikuwa kulipa kombora tochi yake lenyewe. AMRAAM lilianza kazi mwaka 1991, na Desemba 1992 likaangusha ndege yake ya kwanza, MiG-25 ya Iraq. Sasa kirudie kile kisosi. Rada inayotosha ndani ya sentimeta 18 haioni mbali. Ni tochi ya betri mbili. Kwa hiyo mwanzo wa safari kombora linakwenda kwa kuambiwa. Ndege iliyolirusha inalitumia taarifa kwa redio, adui amesogea hapa, sasa yuko pale, na likishafika karibu ndipo linawasha tochi yake na kujitegemea. Ule usemi kwamba ukilirusha tu umemaliza una ukweli wa robo ya mwisho ya njia.

Na anayeliambia si lazima awe aliyelirusha. Inaweza kuwa ndege nyingine yenye rada kubwa mgongoni, iko mbali kabisa nyuma. Rubani wa mbele anaweza kuzima rada yake, akae gizani kimya, arushe kwa macho ya mwenzake. Kwenye mapigano ya Mei 2025 wachambuzi wengi walizungumzia zaidi mnyororo huu kuliko kombora lenyewe, nami nadhani walikuwa sahihi. Pakistan ilidai kuangusha ndege kadhaa za India kwa ndege zake za Kichina za J-10C na makombora ya PL-15; India baadaye mwezi huo ilikiri kupoteza ndege bila kutaja ngapi, nayo ina hesabu yake ya zilizoanguka upande wa pili. Mtu anayekupa idadi kamili kijiweni, mpe kahawa umsikilize, basi.

Sasa tuelewe hayo mapya yana upya gani. Karibu yote ni majibu tofauti kwa tatizo lile moja la baiskeli ya mawese: namna ya kubakiza pedali za mwisho.

Jibu la kwanza ni kugawa mafuta mara mbili. Sehemu ya kwanza inawaka mwanzoni, kombora linateleza, na linapokaribia shabaha sehemu ya pili inawaka. Adui aliyekuwa akihesabu kwamba limechoka anakuta limefufuka. PL-15 linatajwa kuwa la namna hii, na ndiyo sababu linaogopwa, si kwa sababu ya ile 145.

Jibu la pili ni la Waulaya, nalo ndilo ninalolipenda zaidi kwa uzuri wa wazo lake. Mafuta ya roketi ya kawaida lazima yabebe na hewa yake, maana hakuna moto bila oksijeni. Sehemu kubwa ya uzito wa mafuta yale si cha kuungua. Ni cha kuunguzia. Ni kama uende safari umebeba mkaa gunia moja na upepo magunia mawili. Meteor, lililobuniwa na nchi sita (Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Italia, Hispania na Sweden), linaacha upepo nyumbani. Lina midomo miwili pembeni inayomeza hewa ya njiani. Kila mama hapa anajua jiko la mkaa lina kimlango chini: ukifungua ukaelekeza kwenye upepo, mkaa unawaka, ukikifunga nusu, unatulia na kudumu. Meteor linafanya vivyo hivyo, linapunguza moto katikati ya safari na kuuongeza mwisho. Linafika likiwa bado linasukumwa. Sweden ndiyo ilianza kulitumia, kwenye ndege zake za Gripen, mwaka 2016, na kinachosifiwa zaidi kwalo ni ukubwa wa lile eneo lisilo na pa kukimbilia.

Jibu la tatu ni la nguvu: tengeneza kubwa. Urusi ina R-37M, lenye uzito wa kama nusu tani, linalotajwa kupita kilometa 300, na imekuwa ikilitumia dhidi ya ndege za Ukraine tangu 2022. Marekani mwaka 2024 ilionyesha AIM-174B, ambalo kwa asili ni kombora la meli za kivita lililotundikwa chini ya ndege. China ina PL-17. Haya hayakutengenezwa hasa kwa ajili ya ndege ndogo za kivita zinazogeuka upesi. Yanazitafuta ndege kubwa za nyuma: zile zenye rada mgongoni na zile za kujaza mafuta angani. Hizo ni nzito, hazikati kona, hazikimbii. Ukizisukuma nyuma kilometa 200 zaidi, ndege zote za mbele zimepoteza macho na mafuta. Kwa shabaha ya aina hiyo, namba kubwa ya kilometa inakaribia kuwa ya kweli, kwa sababu jibu la swali la nahodha linakuwa: ndiyo, karibu imesimama inasubiri.

Shida ya kubwa ni pa kuliweka. Ndege zinazojificha rada, kama F-22 na F-35, hubeba silaha tumboni, maana kitu kinachoning'inia nje kinarudisha mwanga wa tochi ya adui. Tumbo lina kipimo chake. Ndiyo maana Marekani, iliyotangaza mwaka 2019 kwamba inatengeneza AIM-260 kuchukua nafasi ya AMRAAM, ilijiwekea sharti gumu: lifike mbali zaidi, lakini liingie kwenye nafasi ile ile. Kisosi ni kile kile. Inabidi mafuta yawe bora, vifaa vya elektroniki vijibane, na kila sentimeta itetewe kikaoni. Nchi nyingine nazo zimeamua kutosubiri kuuziwa. India ina Astra, Uturuki ina Gökdoğan, na sababu yao ni rahisi: anayekuuzia kombora anajua udhaifu wake, na siku mkikosana anaweza kukunyima.

Na adui hakukaa. Anayerushiwa kombora la rada ana ujanja wake. Anashuka kwenye hewa nzito ili kombora lichoke. Anageuza ubavu, kwa sababu rada hizi hutofautisha ndege na ardhi kwa kuona kinachokaribia au kuondoka. Anayepita kwa ubavu hakaribii wala haondoki, anazama kwenye kelele za ardhi. Anavuta nyuma yake chambo kwa waya, kipaze mwangwi. Anarusha kelele za redio kuitia tochi upofu. Kwa hiyo macho ya baadhi ya makombora mapya yametengenezwa kwa vitoa mawimbi vidogo vingi badala ya sahani moja inayogeukageuka, ili mwanga ubadilike upesi kuliko kelele inavyoweza kuufuata.

Moja la AMRAAM linagharimu zaidi ya dola milioni 1. Nilipomwambia nahodha hivyo, tukiwa Kibirizi anasimamia magunia ya chumvi ya Uvinza yakipakiwa, alinyamaza akatazama injini mbili za boti yake, kisha akanitazama mimi, kisha akawapigia kelele vijana wapakie upesi kabla upepo haujabadilika.

Jioni yake kijana wa bodaboda alikuja kijiweni amechangamka, simu mkononi. "Mwalimu, nimepata lingine. Kilometa 300!"

Nahodha hakuinua macho kwenye kikombe. "Ndege inakuja," aliuliza, "au inakwenda?"